Nani Mwenye Kauli Kitandani kwa Mgonjwa?

Kila jamii ina utaratibu wake wa kumsindikiza mtu anayekufa. Utaratibu huo una wenye mamlaka, una wenye kuamriwa, na una gharama ambazo lazima mtu fulani azilipe. Kwa hiyo swali la nani aamue mambo ya mwisho wa maisha ya mtu haliwezi kuachwa kwa madaktari na viongozi wa dini peke yao. Ni swali la siasa kwa maana yake kamili: nani ana uwezo juu ya nani, na kwa manufaa ya nani.

Mjadala huu umezoeleka kuletwa kwetu kama mali ya nchi tajiri. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza kutumia sheria ya kumruhusu daktari kumpa mgonjwa wa kufa dawa ya kujikatia uhai mwaka 1997. Uholanzi na Ubelgiji zilifuata kwa sheria zao mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Watetezi wa sheria hizo husema kwamba kufa ni haki ya mtu binafsi. Wapinzani wao hapa kwetu hujibu haraka kwamba mambo hayo ni ya kigeni, kwamba Mwafrika hufa nyumbani akizungukwa na nduguze, na kwamba sheria na dini vimekwisha kulimaliza suala. Makala hii inadai kwamba pande zote mbili zimelikosea suala lenyewe. Wa kwanza wanazungumza juu ya kuchagua bila kuuliza nyenzo za kuchagulia. Wa pili wanazungumza juu ya kuulinda uhai bila kuuliza habari za maumivu ya mwenye uhai huo.

KABANGA KAMA KIPIMO

Kabanga, katika nyanda za juu za Kigoma, ni mahali panapofaa kuupimia mjadala huu. Iko jirani na mji wa Kasulu, katika nchi ya Waha, wakulima wa maharage, mahindi, mihogo na migomba. Hospitali yake ni ya Kanisa Katoliki, Jimbo la Kigoma. Kasulu penyewe ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika. Ukiteremka ziwani unafika Ujiji, mji wenye Waislamu wengi tangu zama za misafara. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kasulu ipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kwa hiyo mgonjwa wa Kabanga hukutana na Serikali, dini na ukoo wake katika wodi moja.

Tuchukue mfano wa mama mkulima mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa unaoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini, na ambao mara nyingi hugunduliwa ukiwa umekwisha kuenea. Tiba ya mionzi haipo Kasulu. Ipo katika hospitali chache, kama Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Maamuzi manne yanamkabili mama huyu: aambiwe ukweli au asiambiwe, asafiri au abaki, auze shamba au awaachie watoto, afie hospitali au nyumbani. Katika yote manne, mara nyingi huulizwa kwanza watu wengine: mume, shemeji, daktari, padri. Yeye huarifiwa.

Huu ndio uingiliaji wa kwanza, nao haukuandikwa katika sheria yoyote. Unatokana na mazoea ya kumhesabu mgonjwa, hasa mwanamke maskini, kuwa mtu asiye na kauli. Lakini mazoea hayo yanapata nguvu kutoka katika sheria na mafundisho, na hayo ndiyo tunayopaswa kuyachambua.

SHERIA TULIYOIRITHI

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 1945, chini ya utawala wa Mwingereza. Kifungu cha 216 kinamtia hatiani anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 217 kinamfanya mkosaji hata yule aliyejaribu kujiua akanusurika. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hili la pili kwa sheria ya mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru. Mkoloni akalivua vazi lake; sisi tukaendelea kulivaa. Katika nchi jirani ya Kenya, kifungu cha namna hiyo kilitamkwa na Mahakama Kuu, Januari 2025, kuwa kinapingana na Katiba.

Hata hivyo, kwa wodi ya Kabanga kifungu chenye uzito zaidi ni cha 203. Hiki kinasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama ameharakisha tu, kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungemuua hata hivyo. Kusudi lake ni jema. Kinamlinda mnyonge dhidi ya warithi wenye haraka. Lakini kwa maneno yake peke yake hakimtofautishi mrithi anayemnyima mgonjwa chakula na mwuguzi anayempa dawa ya maumivu kwa kiasi anachokihitaji, wala na daktari anayesitisha tiba kwa sababu mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu, ameikataa. Kifungu cha 230 kinamkinga mpasuaji aliyefanya kazi kwa nia njema na uangalifu. Kinataja upasuaji. Dawa ya maumivu hakiitaji.

Mwanasheria atasema kwamba mahakama bado ingetaka kuthibitishiwa nia ovu au kitendo cha haramu. Ni kweli. Lakini mwuguzi wa zamu ya usiku hana mwanasheria pembeni yake. Penye sheria isiyosema wazi, hofu ndiyo inayotawala, na mtumishi mwenye hofu hutoa dozi ndogo au hatoi kabisa.

Zaidi ya hayo, Serikali huingilia kwa njia ya dawa yenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya una nusu mbili. Nusu moja inataka dawa hizo zidhibitiwe. Nusu ya pili inakiri kwamba hazina mbadala katika kuondoa maumivu, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa tiba. Kama nchi nyingi maskini, tumeitekeleza nusu ya kwanza kwa bidii kubwa kuliko ya pili. Uganda imeonyesha kwamba umaskini si sababu ya kutosha. Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga ikachanganywa na maji na kutolewa kwa bei nafuu, na mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kisheria kuiandika. Kwetu, Ocean Road na hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, zimekuwa mstari wa mbele katika tiba shufaa. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini tiba inayokaa mijini haimfikii mkulima wa Buha.

MAFUNDISHO NA MATUMIZI YAKE

Wapo wanaodhani kwamba dini ndiyo inayomzuia mgonjwa asipate nafuu wala asikatae tiba. Uchambuzi wa mafundisho yenyewe hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari kwamba mgonjwa hawajibiki kutumia njia za tiba zisizo za kawaida, na kwamba inajuzu kumtuliza maumivu kwa dawa hata kama dawa hizo zaweza kuyafupisha maisha yake, maadamu kusudi si kumuua. Tamko la Vatican la tarehe 5 Mei 1980 lilirudia msimamo huo. Lilikataa kabisa kumfisha mgonjwa kwa kusudi. Lakini lilisema pia kwamba ushujaa wa kuvumilia mateso bila dawa hauwezi kulazimishwa kwa watu wote.

Kwa upande wa Uislamu, wanazuoni wengi wa fikihi wanahesabu kujitibu kuwa ni jambo linaloruhusiwa au linalopendekezwa, wala si wajibu katika kila hali. Yapo masimulizi mashuhuri ya mwanamke mwenye kifafa aliyepewa na Mtume hiari ya kuombewa dua apone au kusubiri apate malipo, naye akachagua kusubiri. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliulizwa yeye mwenyewe.

Kosa basi liko katika matumizi. Mafundisho yanayotoa nafasi kwa dhamiri ya mgonjwa yanapofika kijijini hugeuzwa kuwa amri. Maumivu huelezwa kuwa mtihani, na anayeomba dawa huonekana mwenye imani haba. Anayetaka kurudi nyumbani aache tiba isiyomsaidia huambiwa kwamba anajiua. Hapa dini inatumiwa kuficha upungufu wa ghala la dawa. Subira ikiwa ni chaguo la mwenye maumivu, ni fadhila. Ikihubiriwa na mtu mzima wa afya kwa sababu mofini haipo, ni kifuniko cha uzembe.

KIBALI CHA KUFIA KWAO

Watu wa nyanda hizi wanafahamu maana ya mamlaka kuamua mahali pa mtu kwa hoja ya manufaa yake. Katika miaka ya 1930 mkoloni aliwahamishia wengi katika makazi ya kuzuia malale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia vijijini, karibu na shule na zahanati. Makusudi ya matukio haya mawili yalikuwa tofauti kabisa, na shule na zahanati hizo ni faida isiyokanushika. Lakini nyuma yao yalibaki makaburi ya wazee. Somo ni kwamba nia njema ya Serikali haiondoi haja ya kumwuliza mhusika.

Leo suala hilo linaonekana wazi zaidi Nyarugusu. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali. Nchi yetu imebeba mzigo wa wakimbizi ambao mataifa tajiri yameukwepa, na haina haja ya kupokea mahubiri kutoka kwao. Lakini mzee wa Kongo au Burundi anayejua kwamba hatapona, na ambaye ombi lake pekee ni kuzikwa kwao au kufia karibu na mwanawe aliye kambi nyingine, anakutana na karatasi ya usalama. Kwa mtu wa namna hiyo kibali kinachochelewa ni sawa na kibali kilichokataliwa.

KASORO YA HOJA YA HAKI YA KUFA

Je, dawa ya uingiliaji huu ni kuiga sheria za Uholanzi au Kanada? Hapana budi kujibu kwa uangalifu. Wanaozitetea wanashika jambo moja la kweli: kwamba maisha ni ya anayeyaishi, na hakuna ofisi wala mimbari inayoumia kwa niaba yake. Kosa lao ni kudhani kwamba uhuru ni kutokuwepo kwa katazo tu. Mtu anayechagua kufa kwa sababu hana dawa ya maumivu, au kwa sababu gharama zake zinakula ada ya watoto, hajachagua kifo. Amesukumwa na ufukara, na sheria inayompa ruhusa ya kufa kabla ya kumpa dawa itakuwa imeuhalalisha ufukara huo. Tangu wagonjwa walipoanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali mwaka 1993, familia nyingi zimejua hesabu hizi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa, pamoja na mambo mengine, kwa jinsi itakavyomhudumia yule asiyetazamiwa kupona.

Kwa hiyo katazo la kumwua mgonjwa lina hoja ya kubaki katika mazingira yetu. Lakini dola inayoshika katazo hilo inajitwika deni. Ibara ya 14 ya Katiba, iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Huwezi kumwamuru mtu aishi hadi pumzi ya mwisho kisha ukamwacha na maumivu yake. Anayekataza kifo lazima agharimie nafuu.

LA KUFANYA

Kwanza, mgonjwa mzima wa akili aambiwe ukweli wa hali yake, yeye kabla ya mumewe na kabla ya padri au shehe wake. Pili, sheria itamke wazi kwamba kukataa tiba ni haki ya mgonjwa, na kwamba mtumishi anayetoa dawa ya maumivu kwa utaratibu wa kitaalamu hana kosa. Tatu, mofini ifike wilayani, na wauguzi wafundishwe na waruhusiwe kuitoa, kama walivyofanya jirani zetu. Nne, kifungu cha 217 kifutwe; aliyekata tamaa anahitaji tabibu, haimfai mahabusu. Tano, maombi ya kibali ya mkimbizi asiyetazamiwa kupona yaamuliwe kwa siku, yasisubiri miezi. Na viongozi wa dini wawafundishe waumini mafundisho yao yote, pamoja na ile sehemu inayompa mgonjwa nafasi ya kuamua.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu. Tumezoea kulisoma katazo hilo tukifikiria kiwanda, ofisi na mkutano wa kijiji. Linafika wodini pia. Mtu aliyelima miaka arobaini, akalipa kodi, akalea na kuzika wenzake, hastahili kuamriwa kama mtoto katika wiki zake za mwisho. Daktari, padri, shehe, bwana afya na shemeji wana kazi kubwa ya kufanya kando ya kitanda chake. Kazi ya kwanza ni kumwuliza anataka nini, na kunyamaza hadi amalize kujibu.