Kitenzambali, 'pasi waya' na taa yenye mato

Majuzi nilikuwa safarini kutoka Amu kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate. Maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi tungoje yajae ndipo boti ipite mkondo wa Mkanda. Mzee mmoja mwenyeji wa huko, aliyekwisha kusikia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, akatoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. "Mwalimu, hini karatasi yanena nini?"

Kilikuwa kijikaratasi cha maelezo ya taa ya sola, zile zinazotundikwa ukutani na kuwashwa kwa rimoti. Kimeandikwa kwa Kiswahili, na hilo napongeza. Shida ni kwamba mzee alikuwa amebonyeza rimoti akiwa chumbani, taa iko uani, na taa haikuitika. Akadhani rimoti mbovu, akanunua nyingine. Nayo ikawa vivyo hivyo. Sasa alikuwa amekwenda Amu kuuliza bei ya taa mpya.

Maneno yenyewe ni haya: "Taa hii ina udhibiti pasi waya. Kitenzambali kina mzunguko uliounganishwa wa enkoda. Taa ina dekoda. Bonyeza popote ndani ya mita nane."

Swali la kwanza la mzee: "Hini pasi, ni ya nguo?"

Abiria walicheka, lakini mzee hakukosea. "Pasi" kwa maana ya bila ni Kiswahili safi, ila huandamana na "na": pasi na shaka, pasi na budi. Ukiidondosha hiyo "na" karibu na neno waya, msomaji yeyote mwenye nguo za kunyoosha ataona pasi ya umeme. Mtafsiri alitaka neno zito akapata neno la dobi.

Hata hivyo, tukiirudisha "na" mahali pake, bado kosa kubwa limebaki. "Pasi na waya" hutuambia kisichokuwepo tu. Haya, waya haupo. Kilichopo ni kipi? Hapa ndipo mzee alipopotezewa pesa zake. Rimoti ya taa kama ile, sawa na ile ya runinga, hutuma mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu. Ni mwanga, kwa hiyo haupenyi ukuta. Rimoti ya geti au ya gari hutumia mawimbi ya redio, aghalabu ya megahezi 433, nayo hupenya. Kwa sababu hupenya, mwizi aliyekaa ng'ambo ya barabara anaweza kuyanasa na kuyarudia, ndiyo maana zikabuniwa chipu zinazobadilisha simbo kila unapobonyeza. Mojawapo ya mifumo hiyo, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 kabla ya kununuliwa na Microchip ya Marekani mwaka 1995. Vitu viwili, hatari mbili, matumizi mawili. Na sisi tumevibandika neno moja. Hapo "popote" si kosa la lugha tena, ni uongo.

Kuhusu "kitenzambali" sina ugomvi mkubwa. Kimeundwa vyema, tenza na mbali, na wanafunzi wetu hupata alama kwacho. Ila sijamsikia mtu akisema "nipe hicho kitenzambali" mpira ukiwa dakika ya tisini. Rimoti ni rimoti.

"Mzunguko uliounganishwa" ndio ulionikera. Mzee aliuelewa kuwa nyaya zilizofungwa pamoja, akafungua rimoti ya kwanza atafute ulipoachia. Yaani neno lilimtia bisibisi mkononi! Sifa ya kifaa hiki, ambacho cha kwanza kilitengenezwa na Jack Kilby mwaka 1958 kule Texas Instruments, ni kwamba sehemu zake haziungwi moja moja baadaye. Hutengenezwa zote ndani ya kipande kimoja. Mafundi wetu huiita aisii, wengine husema chipu. Yote mawili ni bora kuliko tafsiri inayomtuma mtu kutafuta waya usiokuwepo.

Sasa nije kwa enkoda na dekoda, maana hapa Kiswahili kilikuwa na utajiri ukaachwa. Maneno haya mawili hutofautiana vichwani, en na de, viambishi visivyomwambia Mswahili chochote. Lugha yetu hutia tofauti hiyo mkiani, katika kauli ya kutendua: funga, fungua, fumba, fumbua, ziba, zibua. Basi pia simba na simbua, kutokana na simbo. Kilichomo kwenye rimoti ni kisimbaji, kilichomo kwenye taa ni kisimbuzi. Neno kisimbuzi tunalo tayari juu ya runinga zetu, na Watanzania walipoanza kuhamia dijitali mwishoni mwa 2012 walikuwa na king'amuzi, neno zuri zaidi pengine, kwani kung'amua ndiyo kazi yenyewe.

Kisimbuzi cha taa kina kazi ya kung'amua kwelikweli. Jua limejaa infraredi, na moto wa jikoni pia. Kwa hiyo chipu ya rimoti hupepesa mwanga wake kwa kasi maalumu, mara nyingi takriban mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi huchuja mengine. Katika mfumo ulioenea wa NEC ya Japani, kila amri hutumwa kisha hutumwa tena ikiwa imegeuzwa, sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri, ili kipokezi kilinganishe. Husimba, hutendua. Sarufi ya darasa la sita!

Tulipofika nilimfuata mzee hadi kwake. Nikafungua kamera ya mbele ya simu yangu, nikaielekezea ncha ya rimoti, akabonyeza. Kwenye kioo pakametameta nukta ya zambarau. Rimoti nzima. Tukatoka uani, akasimama mkabala na taa, akabonyeza tena, ikawaka.

"Kumbe taa ina mato!" akasema. Kule macho ni mato, kama vile mchanga ulivyo mtanga. Kwa neno moja la kwao amefafanua kipokezi kuliko mtafsiri kwa mistari yote mitatu.

Aliniomba nimwandikie upya nyuma ya kijikaratasi. Niliandika: "Simama mahali taa inapokuona, kisha ubonyeze. Ukuta ukiwa kati, haioni." Akasoma kwa sauti, akafuta "inapokuona" kwa kidole kana kwamba wino ungefutika, akasema niandike "ikuonapo".