Tondonia: Si Kila cha Kale ni Dhahabu

Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Katika divai msemo huu umewaponza wengi. Chupa nyingi za madukani hutengenezwa zinywewe mapema. Ukiziweka miaka kumi, utakachofungua kimekwisha ladha na harufu. Kwa hiyo tunapoisifu Viña Tondonia Reserva ya 2010, divai nyekundu ya Rioja, kaskazini mwa Hispania, hatusifu umri wake. Tunasifu kazi iliyofanyika katika umri huo.

Tunajua wamo miongoni mwetu ambao kwao kileo ni haramu. Hatumshawishi mtu aonje; habari hii ni ya ufundi na subira, navyo ni vya watu wote.

Nyumba ya R. López de Heredia ilianzishwa mjini Haro mwaka 1877. Wakati huo mdudu aitwaye filoksera alikuwa akiteketeza mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa huko walivuka mpaka kutafuta divai. Shamba lenyewe la Tondonia, lenye zaidi ya hekta 100 kando ya mto Ebro, lilianza kupandwa 1913. Zabibu yake kuu ni tempranillo.

Kanuni za Rioja zinataka Reserva ikae miaka 3, na mmoja tu kati ya hiyo ndio lazima uwe wa pipani. Hawa huiweka pipani miaka 6. Mapipa huundwa na mafundi wao wenyewe kwa mwaloni wa Marekani. Mara mbili kwa mwaka divai huhamishwa kwa mkono kutoka pipa hadi pipa ili iachane na mashapo yake, kisha husafishwa kwa ute wa yai, haichujwi. Muda wote huo fedha zimelala ghalani.

Matokeo yake ni nini? Rangi imefifia, inaelekea ya tofali. Harufu ni ya cheri zilizokauka, tumbaku, na nazi kwa mbali, ambayo hutokana na mwaloni ule. Ulimini ni nyepesi, lakini uchachu wake bado mkali, nao ndio unaoihifadhi. Aliyezoea divai nzito, tamutamu, huenda akaona amepunjwa. Na ainywe kwa nyama ya kondoo ya kuchoma, bila haraka.

Miaka ya 1990, soko lilipopenda divai nzito zenye kunukia mwaloni mpya, nyumba hii ilionekana imepitwa na wakati. Haikubadilika. Leo wanunuzi wanaigombania na bei imepanda mno. Hapo ndipo tunapolaumu: divai ya mezani inageuzwa pambo la kabatini, na wenye kuinunua wanasifu mwaka ulioandikwa kwenye chupa kuliko kilichomo ndani. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Wenye shamba wamekwisha kuingoja kwa niaba yetu. Ukiipata, ifungue.