Nani Amekufa Kwenu? Amália Rodrigues kwenye piano ya Júlio Resende

Leo siandiki juu ya kutafuta kazi wala juu ya bei ya mbegu. Nataka tuongee muziki.

Wiki iliyopita, karibu saa tatu ya usiku, jirani yangu alikuja kugonga mlango. Umeme ulikuwa umeenda, na simu yangu nilikuwa nimeisimamisha ndani ya sufuria tupu ili sauti ipande. Nilipofungua nikamkuta na uso wa huruma, mikono nyuma, kama mtu anayekuja kutoa pole. "Ndugu agronomu, nani amekufa kwenu?" Nikamwambia hakuna matanga hapa, ni mama moja wa Ureno anaimba. Akasimama dakika mbili hivi, akasikiliza. Kisha akasema: "Sisikii neno hata moja, lakini huyu mama, kuna mutu ako na deni yake." Akaenda zake.

Nimesoma mengi juu ya fado. Sijaona penye imeelezwa vizuri kupita pale.

Mama huyo ni Amália Rodrigues (1920–1999). Na kile nilichokuwa nasikiliza ni diski ya mpiga piano wa jazi, Júlio Resende, mtu wa Algarve, kusini mwa Ureno. Diski inaitwa Amália por Júlio Resende, ilitoka mwaka 2013. Ni piano peke yake, ikipiga nyimbo za Amália. Hakuna gitaa, hakuna mwimbaji. Paka kwenye wimbo moja, Medo, ndimo sauti ya Amália mwenyewe imechukuliwa kutoka rekodi ya zamani ikawekwa pamoja na piano. Wimbo ule njo ulimleta jirani.

Ninaandika juu ya diski hii sababu naamini mwaka 1975 isingepata masikio. Siyo kwamba watu wa wakati ule hawakupenda piano, waliipenda sana. Na siyo kwamba hawakumjua Amália. Walimjua kupita kiasi, na hapo ndipo shida ilikuwa.

Turudi nyuma kidogo. Fado ilikomaa Lisbon katika karne ya 19, kwenye vilabu vya pombe vya mitaa kama Alfama na Mouraria. Kabla ya hapo, jina fado lilikuwa la dansi ya watu weusi na machotara kule Brazil, na katika mizizi yake wanahistoria wanataja lundu, ngoma iliyovuka bahari pamoja na watumwa kutoka Kongo na Angola. Kwa hiyo mtu asituambie muziki hii haituhusu. Baadaye jeshi lilichukua mamlaka Ureno mwaka 1926, na mwaka 1927 likatoka agizo: mwimbaji lazima awe na karte ya kazi, na maneno ya nyimbo yapite kwanza kwenye sensa. Fado ya walevi, makahaba na wafanyakazi wa bandari ikaoshwa, ikavalishwa vizuri, ikapelekwa mbele ya wageni. Utawala ule ulikaa mpaka tarehe 25 Aprili 1974.

Siku ulipoanguka, vijana wa Ureno, na hasa wale wenye shule kama siye, waliitupa fado pamoja nao. Walikuwa na usemi: fado, futeboli, Fatima, mambo matatu ya kulaza wananchi. Na Amália, aliyekuwa sauti ya nchi nzima, akageuka mtuhumiwa. Siwacheki wale vijana. Kaka zao walikuwa wamekufa Angola, Guinea na Msumbiji katika vita vya miaka 13, na kwenye redio bado kulikuwa na Uma casa portuguesa, wimbo unaosema nyumba ya masikini yenye mkate na divai mezani inatosha kuleta furaha. Mimi pia ningefunga redio.

Lakini tuangalie zaidi kidogo. Mwanamke huyohuyo aliimba Abandono kwenye diski ya 1962, wimbo ambao watu walielewa mara moja kwamba unaongea juu ya wafungwa wa kisiasa kwenye ngome ya Peniche, na redio ikakatazwa kuupiga. Alain Oulman, aliyemtungia muziki wa nyimbo zake nzuri kabisa, polisi wa siri walimkamata mwaka 1966, akafukuzwa nchini. Na baada ya kifo cha Amália, mwandishi José Saramago alisema kwamba huyu mama alikuwa akitoa pesa kwa siri kuwasaidia wakomunisti. Mbona hakujitetea kwa hayo mwaka 1974? Labda kiburi, labda uchovu.

Nikisoma habari hii nafikiria Franco Luambo. Alifungwa mwaka 1978 kwa nyimbo zilizoitwa za aibu, na mwaka 1984 akaimba Candidat na biso Mobutu. Wazee wetu hawajawahi kumtupa Franco kwa sababu ya wimbo ule. Wanachagua: huu tunacheza kwenye arusi, huu tunaunyamazia. Sijui kama ni hekima au ni kusahau, lakini Wareno walihitaji miaka karibu 20 kufikia palepale.

Sasa angalieni kitu kimoja. Miezi tisa tu baada ya Lisbon kubadilika, tarehe 24 Januari 1975, Mmarekani Keith Jarrett alikaa mbele ya piano kwenye jumba la opera la Köln, Ujerumani, karibu saa sita ya usiku. Konse ilikuwa imetayarishwa na Vera Brandes, binti wa miaka 18. Piano iliyoletwa haikuwa ile iliyoombwa: ilikuwa ndogo, noti za juu zilikuwa kavu, za chini hazikuwa na nguvu, pedali hazikufanya kazi vizuri. Jarrett alikaribia kukataa kupiga. Alipokubali, alibaki sana katikati ya piano, mkono wa kushoto ukirudia vitu vidogo vidogo kama mtu anayetwanga, sababu piano ile ilimfungia njia zingine. Hakuwa na karatasi mbele yake. Diski iliyotokana na usiku ule iliuza mamilioni, na inahesabiwa kati ya diski za piano peke yake zilizouzwa kupita zote.

Kwa nini kizazi kilichochoka na fado kilikimbilia huku? Hii ni maoni yangu, mnaweza kunikosoa. Piano haina maneno. Hakuna waziri anaweza kuisimamisha ikasema nyumba ya masikini inatosha. Baada ya miaka mingi ya kulishwa maneno, mtu moja, piano mbovu moja na saa moja bila neno lilikuwa kama kunywa maji. Muziki bila maneno hauwezi kushtakiwa.

Lakini pia hauwezi kujitetea. Diski ya Köln iliingia kwenye mikahawa, kwenye vyumba vya kungojea daktari, ikazaa watoto wengi wasio na mifupa: piano laini za kupumzikia. Jarrett mwenyewe alichoka nayo. Kwa miaka alikataa noti zake zichapishwe, na alipokubali mwishoni, aliweka sharti kwamba rekodi ibaki kipimo cha mwisho. Leo ukiandika neno piano kwenye simu, kinachokuja kwanza ni muziki ya kusomea na muziki ya kulalia. Siwalaumu wengine. Nilipokuwa naandika kazi yangu ya mwisho wa lisansi, juu ya magonjwa ya mihogo, nilisikiliza Köln karibu kila usiku kwa miezi miwili. Mniombe leo niimbe kipande chake. Nawapa noti tano za mwanzo, kisha naanza kuwaambia habari ya mozaiki ya mihogo. Ilikuwa muziki kubwa, na mimi niliitumia kama feni.

Basi mizani iligeuka. Piano, iliyopendwa sababu haisemi, ikawa ya kutosikilizwa. Fado, iliyochukiwa sababu ya maneno yake, ilikaa kama shamba lililopumzishwa, kisha ikaota tena, na iliota juu ya maneno yaleyale. Carlos do Carmo alikuwa ameshaanza mwaka 1977 na Um homem na cidade, akiimba mashairi ya Ary dos Santos, mtu wa mapinduzi. Mwaka 2001 akaja Mariza na Fado em mim. Yeye alizaliwa Msumbiji, mama yake mtu wa Msumbiji, akakulia Mouraria. Vijana wakarudi. Mwaka 2011 UNESCO ikaiandika fado kati ya urithi wa binadamu, jambo ambalo kwangu ni zuri kwa watalii na kidogo linaogopesha kwa muziki yenyewe.

Katika njia panda hii njo Resende anaweka piano yake. Anachukua nyimbo zenye maneno mazito na kuyaondoa maneno. Je, anampumzisha Amália, au anamlaza usingizi?

Nitasema wazi: mara nyingine anamlaza. Fado inaishi katikati ya noti. Mwimbaji anaivuta noti, anachelewa nyuma ya gitaa, anaikunja kabla ya kuiacha, na gitaa ya Kireno yenye nyuzi 12 inamjibu kwa kutetemeka. Piano haiwezi hayo. Ukishagonga, noti inaanza kufa palepale, huwezi tena kuivimbisha wala kuitelezesha. Resende anajua, kwa hiyo anaziba nafasi ile kwa akordi za jazi, na akordi zake ni nzuri, saa ingine nzuri kupita inavyotakiwa. Kuna sehemu nilijikuta niko mkahawani, kikombe mkononi, hakuna mtu anayenidai. Deni aliyoisikia jirani yangu imelipwa, na sijui nani ameilipa.

Ila kuna jambo ambalo piano peke yake inalifanya na mwimbaji hawezi. Mnajua Barco negro? Mariza ameiimba, na kabla yake Amália aliiimba katika filamu ya Kifaransa ya 1955, Les amants du Tage. Ni mwanamke wa pwani ambaye mpenzi wake amebebwa na bahari, na yeye anakataa kuamini. Lakini melodi hiyo ilitoka Brazil, na jina lake la kwanza lilikuwa Mãe preta, yaani Mama mweusi. Ni habari ya mama mtumwa anayemlea mtoto wa bwana wakati wa kwake anapigwa. Sensa ya Ureno ilikataza maneno yale. David Mourão-Ferreira, yuleyule wa Abandono, akaandika maneno mapya, na dunia ikalia juu ya mvuvi. Wasikilizaji wangapi wameupenda wimbo huu miaka yote bila kujua ni nani aliondolewa ndani yake?

Mpiga piano akichukua melodi ile bila maneno, maneno yote mawili yameondoka. Mvuvi ameondoka, na sensa pia imeondoka. Mama mweusi ako na nafasi sawa na yule mwingine. Kwa sababu hiyo siwezi kusema piano inaua fado. Wale wanaodhani piano peke yake ni mambo ya Wazungu tu, watafute pia Mizila ya Ray Lema wa kwetu, ya mwaka 2004, tuongee tena.

Na kuna Medo. Maneno ni ya Reinaldo Ferreira, mshairi aliyeishi na kufa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Muziki ni ya Oulman, yule aliyefukuzwa. Medo maana yake woga: mtu analala kila usiku na mgeni kitandani, na mgeni mwenyewe ni woga. Sasa shikeni kitu hiki: Reinaldo Ferreira huyuhuyo ni moja wa walioandika maneno ya Uma casa portuguesa. Mkono ule ule ulioandika mkate, divai na furaha uliandika pia woga wa usiku. Vijana wa 1974 walisikia wa kwanza tu.

Sauti inapoingia, Resende anafanya kitu cha heshima: anapunguza. Akordi nzuri zinaisha, anabaki kama mtu anayeshika taa kwa mwenzake. Amália alikuwa amekufa miaka 14, na bado njo yeye anayeongoza. Ukisikiliza diski yote kisha ukafika hapo, unasikia kile ambacho nyimbo zingine zilikosa. Mpiga piano mwenye kiburi angeuacha wimbo huu nje.

Jana jioni jirani alirudi. Aliniomba nimtumie muziki ya yule mama. Nilipokuwa natafuta Medo kwenye simu, akanishika mkono: "Hapana, unipe zile za piano tu. Yule mama atanikatalia usingizi." Nilimtumia zote.