Kumtambua Mfasiri Bora wa Misimu ya Kireno na Kijapani

Hakuna kazi inayomuumbua mfasiri upesi kama misimu. Istilahi za mkataba zina kamusi, ilhali utani wa vijana hugeuka kabla kamusi haijachapwa. Ukimtafuta mtu wa kufasiri lugha ya mitaani kati ya Kireno na Kijapani, kwa filamu, manga au nyimbo za rap, cheti chake kitakueleza machache. Mpime kwa haya manne.

Amekulia wapi? Tarehe 18 Juni 1908 meli ya Kasato Maru ilitia nanga Santos, Brazili, ikiwa na mamia ya wahamiaji wa Kijapani. Mwaka 1990 sheria mpya ya uhamiaji ya Japani ilianza kutumika, ikawafungulia vizazi vyao mlango wa kwenda kufanya kazi viwandani. Kwa hiyo tafuta kwanza São Paulo, na kwa upande wa Japani katika miji ya viwanda kama Hamamatsu na Oizumi. Hata huko, chagua. Wabrazili wa Japani wamelitia neno *zangyo*, yaani kazi ya saa za ziada, ndani ya Kireno chao. Aliyebaki Brazili hulisikia asilielewe. Mfasiri hodari hujua neno lipi ni la kiwandani na lipi linaeleweka kote.

Anafasiri Kireno kipi? Nchini Ureno *rapariga* ni msichana tu. Brazili, hasa kaskazini mashariki, ni tusi la kumwita mwanamke kahaba. Kitu kizuri kijana wa Lisbon hukiita *fixe*, wa Rio de Janeiro *legal*. Asiyekuuliza msemaji anatoka wapi, achana naye.

Anapima vipi ukali? Hapa ndipo mabingwa hujitenga na wengine. *Aho* na *baka* yote humaanisha mjinga. Osaka *aho* ni neno la utani na *baka* huchoma. Tokyo mambo ni kinyume. *Yabai* ilikuwa ya hatari, na leo vijana huisema pia kwa chakula kitamu. Tena Kijapani kina njia nyingi za kusema "mimi": *ore* ni ya kiume na ya kujiamini, *boku* ni laini zaidi. Kireno kina *eu* peke yake. Mfasiri mzuri hauachi ukali huo upotee. Huuhamishia kwingine, pengine katika namna msemaji anavyomwita mwenzake, kama *cara* au *mano*.

Anacheka vipi kwa maandishi? Mbrazili huandika *kkkk*. Mjapani huandika *www*, herufi ya kwanza ya *warai*, kicheko. Na kwa kuwa *w* zikipangwa hufanana na majani, siku hizi huandika pia *kusa*, nyasi. Atakayekuletea nyasi katika Kireno amefasiri kamusi, hajafasiri watu.

Kabla ya kukubaliana bei, mpe ukurasa mmoja wa majaribio na umlipe. Kisha mpe msomaji mwingine, kijana wa lugha lengwa, asome bila kuona matini asilia. Sikiliza pia maswali ya mfasiri: msemaji ana umri gani, ni wa mji gani, anazungumza na nani, amekasirika au anatania? Anayeuliza hayo kabla ya kuandika, mpe kazi. Aliyerudisha ukurasa haraka bila swali hata moja, mshukuru, umlipe haki yake, uendelee kutafuta.