Adah Hakuvumilia

Jamani, tuache kumsifia Adah kwa jambo ambalo hakulifanya. Kila nikimtajia mtu riwaya ya Second-Class Citizen ya Mnigeria Buchi Emecheta (1974), jibu ni lile lile: “Aa, yule mama mvumilivu!” Mimi nasema, angekuwa mvumilivu asingefika popote.

Mtazame tangu utoto wake Lagos. Mdogo wake wa kiume anapelekwa shule, yeye anabaki nyumbani. Basi siku moja anachukua kibao, anajipeleka. Baadaye ada ya mtihani hana. Anazibana shilingi mbili alizotumwa nyama na kusema zimepotea. Fimbo anakula, mtihani anafanya. Ukimkuta London ni msichana yule yule, ila sasa ana watoto, kazi ya maktaba, na mume, Francis, ambaye kila siku yuko kwenye vitabu na mitihani inamshinda. Francis anapouchoma mswada wa kwanza wa mkewe, Adah habembelezi. Anaondoka na watoto wanne.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Emecheta. Hatuhubirii eti mama anayetaka kusoma awe na hiki na kile. Tunajionea wenyewe: Adah anajua kutaka, anapokea msaada bila haya, na hangoji nyumba itulie ndipo aanze. Anaandika kwenye madaftari ya shule, watoto wakiwa pale pale.

Kasoro ipo. Francis amechorwa kwa mkaa mtupu. Laiti tungeionja hofu yake ya kushindwa ugenini, ushindi wa Adah ungekuwa na uzito zaidi. Mtu mbaya mfululizo huchosha.

Emecheta mwenyewe alichukua digrii ya sosholojia Chuo Kikuu cha London huku akilea watoto watano peke yake. Hapa kwetu Tanzania, tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shuleni. Mlango huo uko wazi, lakini mitaani bado anaambiwa, “Vumilia, mwanangu, lea kwanza.” Huo uvumilivu ndio unaomzika.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayeandika, ukimleta mama anayeingia chuo kikuu, usikimbilie kumpa subira. Mpe kwanza njaa ya kusoma, kisha tuone anaiba shilingi ngapi.