Kuwachambua Kambale

Vifaranga vya kambale hulana wao kwa wao, ndugu wa tumbo moja walioanguliwa usiku mmoja. Anayewalea uani kwake, Chamazi au Bunju jijini Dar es Salaam, huanzia hapo, na hapo ndipo ninapouona ufundi wake.

Kule Ruvu na Rufiji, mvua za masika zikifurisha mabonde, jike hutaga maelfu ya mayai kwenye majani yaliyozama, akaenda zake. Hamlindi mwana hata mmoja. Ulezi wote tunaouona kwenye beseni, simtanki au tangi la kioo ni wa binadamu.

Katika maji ya nyuzi 27 hivi, mayai huanguliwa kwa siku moja au zaidi kidogo. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni, inayomtosha siku tatu hivi. Baada ya hapo anataka kitu kilicho hai. Wengi humpa kiini cha yai la kuchemsha, nacho huchafua maji upesi mno; mimi nawapendelea wadudu wadogo wanaochujwa kwa kitambaa kutoka kwenye maji ya kijani. Maji ya bomba yana klorini, basi yalazwe kwanza kwenye chombo kilicho wazi. Ya kisima yaonjwe, maana visima vingi vya jiji hili vina chumvi.

Wiki ya pili haina usingizi. Mmoja amemzidi mwenzake kidogo tu, ila mlezi mzuri ameshamwona: kichwa kipana, tumbo limejaa, anawaandama wenzake mikiani. Leo anauma mkia, baadaye atammeza mwenzake mzima. Hivyo wanachambuliwa kwa chujio na kwa mkono, wakubwa chombo chao, wadogo chao, na kazi hiyo hurudiwa tena na tena. Chakula ni kidogo kidogo, mara nyingi, hata usiku. Tangi hufunikwa, kwa kuwa gizani kambale hutulia.

Kufikia wiki ya tatu hivi, kiungo cha kuvutia hewa kimeanza kukua, nao wanapanda juu kuinywa. Umeme ukikatika na pampu ikanyamaza, sasa wana pa kukimbilia.

Muuzaji ninayemheshimu huwachambua tena asubuhi ya mauzo, hata kama mteja ana haraka na bajaji inasubiri mlangoni. Akimpa mchanganyiko, bwawa la mwenzake litabaki na wachache walioshiba.