Chambo cha Msitu

Kusini mwa Afrika, anayewinda nguruwe pori mara nyingi huanza na mahindi. Huyaloweka mpaka yachachuke, huyamwaga mahali pamoja siku kadhaa ili mnyama azoee, kisha usiku huketi pale ambapo upepo hautampelekea mnyama harufu yake, akangoja. Katika milima iliyo magharibi ya Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Batwa, Wambilikimo wenyeji wa huko, walikuwa na elimu ya kina zaidi. Chambo kiliwekwa na msitu wenyewe. Kazi ya mwindaji ilikuwa kujua kimewekwa wapi, na lini.

Tazama ugumu wake. Nguruwe pori hutembea usiku kwa kikundi, na mchana hulala ndani ya kichaka kizito. Macho yake si makali, ila pua na masikio havidanganyiki kwa urahisi. Dume aweza kufika kilo 100, na ana chonge kali mdomoni. Basi mwindaji anamtafuta mnyama asiyemwona kwa kusoma alichokiacha. Mkuyu upi umeanza kuangusha matunda? Udongo uliofukuliwa unafanana na shamba lililopigwa jembe ovyo, lakini kingo zake zimekauka au bado zina unyevu? Tope lililosuguliwa kwenye shina limefika kimo gani? Alama ya kwato imeshajaa maji? Utando wa buibui uliopita juu ya njia ni mzima, au kuna aliyeukata alfajiri? Kila jibu linapunguza msitu, mpaka unabaki uwazi mdogo ambao mtu mwenye mkuki anaweza kuufikia kimya.

Hapo ndipo mbwa na nyavu huingia. Mbwa wa asili wa misitu ya Kongo habweki kama mbwa wa mjini, kwa hiyo hufungwa njuga ya mti shingoni. Wenye nyavu husikiliza njuga hiyo kujua mbio zimeelekea wapi, na zikikoma ghafla wanajua nguruwe huenda amegeuka kupigana. Mwenye haraka ndiye anayejeruhiwa.

Mwaka 1970 msitu wa milima hiyo ya karibu na Bukavu ukawa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega; mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi, hadi kilomita za mraba 6,000 hivi. Uwindaji ukawa kosa, na maelfu ya Batwa wakatolewa. Lakini Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyepigania kuanzishwa kwa hifadhi, alipotaka kuwazoesha gorila kuwaona watu, aliwategemea Batwa hao hao. Ufundi ulikuwa ule ule, bila mkuki: kuanza kwenye viota ambamo gorila walilala jana, kufuata majani yaliyovunjwa, kupima ubichi wa kinyesi, na kujua kwamba machipukizi ya mianzi yakitoka msimu wa mvua, familia zitahamia huko. Mgeni anayepanda kutoka Tshivanga, makao makuu ya hifadhi, akamkuta dume mwenye mgongo wa fedha ameketi anakula, amefikishwa hapo na elimu iliyokomaa katika kufuata nyama.

Ndiyo maana siwezi kuusifu ufundi huu nikanyamaza juu ya wenyewe. Haufundishwi darasani. Mtoto huujifunza akitembea nyuma ya mzee, akikosea alama, akirudishwa nyuma kuitazama tena. Wenye ufundi huu wameanza kutambuliwa kisheria: mwaka 2022 Kongo ilitunga sheria ya kulinda haki za Wambilikimo wenyeji. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walidhulumiwa kwa kuondolewa katika ardhi yao. Wanyama wa hifadhi wanahitaji ulinzi, na nguruwe pori ni mmoja wao. Lakini kijana wa Kitwa anayekulia Kabare au Kalehe, pembezoni mwa hifadhi, akilima kibarua shamba la mwingine hana pa kujifunzia kusoma udongo ule. Hifadhi inayohitaji wafuata nyayo hodari ingefaidika kwanza yenyewe kwa kumfungulia njia aingie na babu yake.